Kivinjari Kisiwe Kikwazo kwa Mwananchi

Huduma nyingi za Serikali hivi sasa hupatikana kwa intaneti. Hiyo ni hatua ya maendeleo. Lakini haipendezi hata kidogo mwananchi wa Mpendae kurudishwa nyumbani kwa kuambiwa mtandao haufanyi kazi, ilhali kasoro ni ya kivinjari tu.

Vivinjari havilingani. Chrome, Firefox na Edge vinafaa kwa kompyuta zetu, mradi visasishwe. Opera Mini hubana kurasa na kuokoa bando, ijapokuwa baadhi ya fomu hazifanyi kazi humo. Internet Explorer iliachwa na Microsoft tarehe 15 Juni, 2022. Ofisi inayoitegemea bado inahatarisha siri za watu.

Ukurasa ukigoma, tutazame kwanza tarehe na saa ya kompyuta, kwani zikikosewa kivinjari hukataa hati za usalama za tovuti. Kisha tufute kumbukumbu za muda za kivinjari, halafu tujaribu kivinjari kingine.

Nao wakuu wa ofisi hawana budi kuhakikisha kila fomu imejaribiwa katika vivinjari vyote vikuu, na katika simu za bei nafuu pia. Huduma ni haki ya mwananchi, si fadhila ya mashine.