Kiti cha Fundi

Mwaka juzi nililetewa kazi ya kukifasiri kwa Kiswahili kijitabu cha jumuiya moja ya kuhifadhi majumba ya kale. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa niliyo nayo kifuani si ya jumuiya moja tu. Na pia kwa kuwa ujira wangu walinilipa wote, tena kwa wakati, jambo ambalo wafasiri wenzangu wanajua lilivyo adimu. Kijitabu chenyewe kilikuwa kizuri. Picha za milango, picha za ngazi, picha ya paka amelala barazani. Nilikwenda nacho vyema hata nikafika kurasa za mwisho, zilizobeba kichwa nilichokifasiri "Viongozi na Watendaji Wetu". Hapo kalamu ikanigomea.

Mlezi wa jumuiya alikuwa na picha na aya mbili. Wakafuata mwenyekiti, mhazini na wajumbe 7 wa bodi, wakiwemo wasanifu majengo watatu, mwanasheria, mwenye hoteli na balozi mstaafu. Kisha mkurugenzi, afisa miradi, afisa mawasiliano na mhasibu. Kila mmoja na skuli aliyosoma, na nchi alizofanyia kazi, na lile analolipenda nje ya kazi. Mmoja anapenda kupiga mbizi. Na mwisho kabisa, chini ya ukurasa, picha ya watu watano juu ya jukwaa la miti, mikono imekuwa myeupe kwa chokaa mpaka viwikoni, na maneno yenye maana hii: mafundi wa kienyeji wakiwa kazini.

Watu 14 wenye majina. Watu watano wasio nayo.

Nikamwuliza binti aliyeniletea kazi: "Hawa nao ni kina nani, mwanangu?" Akainamisha macho. "Kwa kweli, Maalim, hata mimi siwajui. Weka tu mafundi."

Ndugu msomaji, neno hilo "kienyeji" tulitazame kidogo, maana maneno ndiyo shamba langu. Yupo msanifu aliyezaliwa Malindi, akasomea ng'ambo ya bahari, akarudi. Nani aliyepata kumwita msanifu wa kienyeji? Mwanasheria wa bodi kazaliwa Mkunazini. Si mwanasheria wa kienyeji. Uenyeji, kumbe, humshika mtu kwa kadiri anavyolishika jiwe.

Nisidhaniwe kuwa nimekuja kuwatukana watu hawa. Wajumbe wengi wa bodi za namna hii hawalipwi hata senti. Wametumia jioni zao kuandika barua, wamegombana na wakubwa, wamelala na wasiwasi masika inapoingia. Mji Mkongwe ulipoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, na Lamu mwaka uliofuata, palikuwa nyuma yake kazi ya miaka mingi ya watu waliosoma, waliopima na waliochora. Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe ilianza mwaka 1985, wakati majumba yakianguka moja baada ya jingine na wengi wakiyaona magofu tu. Shukrani hizo nazitoa wazi. Lakini shukrani si hati ya kumfunga mtu mdomo.

Ninalolisema ni hili. Jumuiya zetu za hifadhi zimewapa uongozi wale wanaolijua jumba kwa macho, na wale wanaolijua kwa mikono na kwa mgongo zimewapa kibarua cha siku. Na jumba la chokaa haliwezi kuongozwa namna hiyo likadumu.

Tazama ujuzi wenyewe. Magogo hupangwa kwa duara, juu yake hupangwa matumbawe, moto ukawashwa, na anayejua wakati wa kuuacha ni yule aliyezowea kuisoma rangi ya moshi. Chokaa ikishaiva huzimwa kwa maji, kisha hulazwa, wiki na miezi, na fundi mwenye haraka hujulikana baadaye kwa nyufa zake. Boriti za mikoko ndizo zilizoamua upana wa vyumba vyetu; wasifu wa kila sebule ndefu na nyembamba, ambao wageni huuandikia insha, umetoka katika urefu wa mti wa mkoko. Sakafu na mapaa ya zege la chokaa yalitwangwa kwa vipande vya mti, siku nyingi mfululizo, na waliotwanga waliimba ili mikono iende pamoja. Sisi wapenzi wa ushairi tungelipaswa kuliona hilo mwanzo kuliko wengine: dari zilizo juu ya vichwa vyetu zimepigwa kwa mizani. Nyimbo zile hakuna bodi iliyozihifadhi.

Sasa njoo kwenye saruji. Kila fundi mkongwe atakwambia kwamba ukuta wa matumbawe na chokaa unavuta pumzi: unyevu huingia ukatoka. Upige saruji, umeuziba pua. Maji yenye chumvi hubaki ndani, jiwe likaliwa polepole nyuma ya uso uliokaa kama yai. Mmiliki anafurahi miaka mitatu, wa nne lipu inabanduka na nusu ya ukuta. Haya yameandikwa katika ripoti zote za wataalamu, nami nimefasiri mbili tatu. Lakini ripoti huja baada ya saruji, na fundi alikuwapo kabla yake. Mzee mmoja wa Ng'ambo, aliyeshika mwiko tangu kijana, aliniambia: "Mimi huitwa kupiga, siitwi kuulizwa." Nilimwuliza mara ya mwisho alipoitwa kikaoni. Akacheka mpaka akakohoa.

Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al Ajaib ilianguka, na mnara wa saa pamoja nayo. Jumba hilo lilijengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, na lilikuwa limekwisha fungwa kwa wageni tangu sehemu yake ilipoporomoka mwaka 2012. Watengenezaji walikuwa ndani. Wawili walifariki. Chanzo nawaachia waliochunguza. Mimi natazama tulivyoomboleza. Nilisoma rambirambi nyingi siku zile, za mashairi na za nathari, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine. Karibu zote zililililia jumba. Mnara ulifanyiwa marthiya kama shujaa wa vita, nami nakiri kuwa nilianza kutunga yangu na beti tatu za mwanzo hazikuwa na mtu ndani yake. Nilizichana.

Atakuja mtu aseme kwamba haya ya bodi na walezi ni desturi ya duniani kote, ndivyo jumuiya hizi zilivyozaliwa. Basi na tuangalie zilivyozaliwa. Ile ya kale miongoni mwa zinazojulikana sana, Jumuiya ya Kuyalinda Majengo ya Kale ya Uingereza, iliasisiwa London mwaka 1877 na William Morris pamoja na msanifu Philip Webb na wenzao. Morris alikuwa nani? Alikuwa mshairi. Alikuwa mfasiri pia, aliyefasiri masimulizi ya kale ya Iceland na, miaka miwili kabla ya kuasisi jumuiya, tenzi ya Virgil. Lakini mikono yake ilikuwa na rangi ya nili, kwa kuwa alijifunza mwenyewe kutia nguo rangi na kufuma, wala hakuona kuwa anajishusha. Ugomvi wake mkubwa ulikuwa na wasanifu waliokuwa wakiyakwangua makanisa ya kale ili yarudi kuwa "mapya ya zamani". Kamati yake nayo ilijaa watu wakubwa, sikatai. Hata hivyo jumuiya ile, tangu mwaka 1930, huwapeleka wasanifu vijana wakazunguke penye kazi, wakajifunze mbele ya fundi. Na mafundi wenyewe nao wamewekewa ufadhili wao. Sisi tuliiga bodi. Hilo la msanifu kukaa chini ya fundi hatukuliiga.

Wala hatukuhitaji kwenda London. Kabla ya neno "jumuiya" kupata muhuri na akaunti ya benki, tulikuwa na wakfu. Nyumba ngapi za Mji Mkongwe zimesimama mpaka leo kwa kuwa mtu, mara nyingi mwanamke, aliziweka wakfu? Mwekaji alisema nani akae, kodi iende wapi, msikiti gani upate mafuta ya taa, na nani awe msimamizi. Msimamizi huyo hakuwa "mlezi" wa kuandikwa katika ukurasa wa mbele. Alikuwa na dhima mbele ya kadhi, na mbele ya Mola wake. Na anayekaa nyumbani alikuwa na haki iliyoandikwa, hakuwa bahati mbaya iliyoikuta nyumba. Zipo nyumba za wakfu zilizoharibika, tena nyingi, na wapo wasimamizi waliokula kodi. Lakini mpangilio wenyewe uliwajua watu waliomo ndani.

Hapa ndipo jumuiya zetu zinaponichoma zaidi. Katika kijitabu kile mpangaji alitajwa mara moja, miongoni mwa "changamoto". Baada ya mwaka 1964 majumba mengi yaliingia mikononi mwa serikali, yakagawiwa chumba kwa chumba. Familia ziliingia humo kwa kuwa zilipewa pa kukaa, na hakuna aliyewaambia kuwa wanakaa ndani ya urithi wa dunia. Sasa wanaambiwa wao ndio waharibifu. Namjua bibi mmoja wa Kiponda ambaye kwa miaka kumi na moja amekuwa akipanga ndoo zake chini ya dari, naye anaweza kukueleza, bila kunyanyua macho kwenye mchele anaouchagua, ufa upi ulizaliwa masika yapi na maji yanatoka upande gani upepo wa kusi ukivuma. Mwache afisa miradi aje na kamera yake ya kupimia unyevu. Ana haja na bibi huyu zaidi ya kamera. Akimwuliza, aandike jina lake.

Nimelipeleka neno hili kwa baadhi ya wakubwa wa hifadhi, kwa adabu, nikiwa mgeni wa chai. Jibu lao lilikuwa moja kwa midomo mingi: bodi hukutana na wafadhili, vikao ni vya Kiingereza, fundi na mpangaji watakaa kimya na kuona haya. Jibu hili liliniudhi kuliko kebehi. Mabwana na mabibi, mimi ni nani basi? Mmenilipa nikifasirie kijitabu kizima, pamoja na mtu apendaye kupiga mbizi. Mtashindwa kunilipa saa mbili za kikao? Nitakuja bure. Kuhusu kuona haya, mimi sina cheti hata kimoja cha fasihi. Kiingereza nilikisoma katika vitabu vya kuazima na kamusi iliyokosa herufi mbili za mwisho. Walionipa kiti cha kwanza katika jopo la washairi hawakuningoja nipate shahada. Nilikaa kimya vikao viwili. Cha tatu walitamani ninyamaze.

Viti viwili vya mafundi, viwili vya wapangaji, wenye kura kamili. Mshahara wa mwezi kwa fundi mkuu, kama alivyo nao afisa mawasiliano, pamoja na vijana wawili wa kufunza, kwa sababu mzee yule wa Ng'ambo anakohoa. Hayo ndiyo niliyoyaandika katika barua niliyoiambatanisha na fasiri yangu.

Na nilifanya jambo moja jingine. Nilikwenda na ile picha mpaka penye kazi, nikawakuta watatu kati ya watano, nao wakanipa majina ya wawili waliokwisha hama. Nikayatia yote chini ya picha, na pembeni ya kila jina mahali alipojifunzia kazi: mmoja kwa baba yake, wawili kwa yule mzee, mmoja Pemba, mmoja kwa kutazama. Kijitabu kilipotoka chapani nilikifungua ukurasa wa mwisho kwanza. "Mafundi wa kienyeji wakiwa kazini." Barua yangu haijajibiwa. Rasimu ninayo mezani, ndani ya bahasha, na toleo la pili nasikia linatayarishwa.