Hesabu ya Pombe Ianzie Mnazini

Mtu akitaka kuanzisha kiwanda kidogo cha pombe, mara nyingi huanza kwa kuulizia bei ya mapipa na mitambo. Sisi twaona huko ni kuanzia mwisho, na kwa ndugu zetu wa Mafia jambo hilo litakuwa ghali zaidi kwa kuwa wamezungukwa na bahari.

Shayiri ya bia hulimwa mbali, katika nyanda za kaskazini, na hopsi huagizwa kutoka ng'ambo. Vyote hivyo, pamoja na chupa, havina budi kuvushwa kwa chombo hadi kisiwani. Tena lita moja ya bia huhitaji lita tano za maji au zaidi, maana mengi huishia katika kuosha vyombo. Basi pipa la lita 500 lataka lita 2,500 za maji safi.

Lakini Mafia ni kisiwa cha minazi, na tembo huchacha lenyewe bila hamira ya dukani. Wapo wasemao kwamba hiyo ni mali ya bure. Hatukubaliani nao hata kidogo. Karara linalogemwa halizai nazi. Kwa hiyo mstari wa kwanza wa makadirio uwe thamani ya nazi na mbata zitakazokosekana. Wa pili uwe ujira wa mgema, ambaye hupanda asubuhi na kupanda tena jioni. Huyo ni mfanyakazi, na kazi yake ni ya hatari. Kiwanda kisichomtengea fungu la matibabu siku akianguka kinamdhulumu, hata kama vitabu vyake vinaonyesha faida.

Tembo la asubuhi huwa kali jioni, na baada ya siku chache huwa siki. Anayetaka kuliuza bara hana budi kulichemsha kiasi na kulitia chupani siku ile ile. Asiyeweza na aifanye siki hiyo kuwa biashara. Hata jirani asiyegusa kileo ataitia katika kachumbari yake.

Ushuru wa bia nao hutozwa kwa lita, si kwa faida, na leseni ya vileo inayotakiwa na sheria ya mwaka 1968 haingoji wateja wazoee. Wenye nia hiyo Mafia na wakae kwanza na wagema na wenye minazi, wakubaliane bei ya kibuyu kimoja, ndipo waulizie mapipa.