MIZANI MPYA ISIWE UNYONYAJI MPYA

Ndugu wanaushirika, wake kwa waume,

Msimu huu kimashine kimeingia kijijini. Mnunuzi anakishika kama tochi, anakigusisha kwenye ganda la parachichi, kinawaka, naye anasoma namba. Akisema "bado", tunda lako limekwenda fungu la makapi. Ukiuliza bado kwa nini, eti akili mnemba ndiyo imesema. Na makapi hayo anayabeba kwa nusu bei! Kama ni machanga kweli, anayapeleka wapi?

Tuelewane: hatupingi mashine. Parachichi haliivi mtini. Hukomaa mtini, likaiva baada ya kuchumwa. Hass changa ni kijani, na lililokomaa bado mtini huweza kuwa kijani vilevile. Likichumwa changa linasinyaa na kuwa kama mpira. Kwa hiyo jicho peke yake halitoshi, na wale wanaochuma machanga ili wawahi pesa ya walanguzi wanaharibu jina la kijiji kizima.

Lakini kipimo chenyewe si siri. Kata nyama ya tunda vipande vyembamba, pima gramu 100, kausha kwenye tanuri mpaka uzito usipungue tena. Zikibaki gramu 21 au zaidi, Hass hilo limefikia kiwango cha chini cha kimataifa cha Codex. Wanakisomo, hesabu hiyo ni yenu: asilimia 21.

Kimashine hakikaushi kitu. Kinapiga mwanga ambao macho hayauoni, kinapokea unaorudi, kisha kinakisia. Kilijifunzaje kukisia? Watu waliyapima matunda mengi kwa mwanga, wakayakausha, wakakipa majibu. Sasa kama kilifundishwa kwa matunda ya nchi nyingine, ya aina nyingine, ya joto, kinaweza kukosea kwa matunda ya huku kwetu kwenye baridi. Mwanafunzi hujibu alichofundishwa. Basi tuna haki ya kuuliza: huyu alisomea wapi?

Wakulima wa pamba wa Usukuma, mwanzoni mwa miaka ya 1950, hawakuchukia mizani. Walichokataa ni mizani ya mfanyabiashara isiyo na mtu wao pembeni. Wakaweka wapimaji wao, na ushirika ukapata nguvu hata mwaka 1955 ukaundwa muungano wa Victoria Federation. Lumbesa ya gunia tunaijua, na sheria imeikataza. Hii nayo tusipoangalia itakuwa lumbesa ya namba.

Kwa hiyo tunadai:

1. Kipimo kianzie mtini. Sifa kubwa ya kimashine ni kupima bila kukata tunda. Basi kije shambani kabla ya kuchuma, ili changa liachwe likomae. Kungoja tuchume ndipo tuambiwe "bado" ni kututega.

2. Ghalani, namba isomwe kwa sauti mbele ya mkulima na mjumbe wa kamati, iandikwe kwenye daftari letu.

3. Katika kila mzigo, matunda matano yaliyopimwa na kimashine yakaushwe na kupimwa kwenye mizani yetu. Majibu yakipishana sana, kimashine kikae kando mpaka kifundishwe kwa matunda yetu.

4. Mnunuzi asiyekubali hayo asipakie hata tunda moja.

Na sisi kwa sisi: anayeuza machanga usiku barabarani anampa mnunuzi fimbo ya kutuchapia wote. Hatutamfumbia macho, awe ndugu, awe kiongozi.

Mkutano ni Jumamosi saa nne asubuhi, ghalani. Anayejua kusoma amsomee jirani tangazo hili. Mwenye kipimo peke yake ndiye mwenye bei peke yake. Tukikishika pamoja, bei nayo itakuwa ya mapatano.

Umoja ni nguvu!

Katibu wa Tawi,
kwa niaba ya Kamati ya Ushirika