Akiba ya Uwanjani

Wahenga walinena: akiba haiozi. Lakini akiba ya kandanda huoza isipotumiwa. Kijana aketishwaye benchi msimu mzima hupoteza pumzi, kisha moyo.

Tarehe 4 Mei 2019, Divock Origi, mwana wa Mike Okoth aliyeichezea Harambee Stars, alitoka benchi akaifungia Liverpool bao la ushindi dhidi ya Newcastle. Siku tatu baadaye Salah na Firmino hawakuweza kucheza. Origi akaanza, akafunga mawili, na Barcelona iliyotangulia kwa 3-0 ikatolewa kwa 4-0.

Basi mzazi mwenzangu, kocha wa mtaani akimpumzisha mwanao hodari ili mwenziwe naye acheze, usimlaumu, hata timu ikifungwa. Anaitunza akiba ya siku ya haja.