Mkutano wa maji usimwachie jirani

Mzazi mwenzangu, wiki iliyopita shoga yangu wa hapa Tukuyu alinisimulia: kijijini kwao kuliitishwa mkutano kuhusu mradi, naye alikuwa shambani anachuma chai. Baba watoto alienda, akasaini mahudhurio, akarudi. "Alisema nini?" nikamuuliza. "Hakusema kitu."

Hapo ndipo tunapokosea. Chukua mfano wa jotoardhi inayotafutwa Kiejo-Mbaka, hapa hapa Rungwe. Kwenye miradi ya aina hiyo maji ya moto huvutwa kutoka ardhini, joto lake huzalisha umeme, kisha maji yanapaswa kurudishwa chini. Yanakuwa na chumvi na madini. Yakimwagika ovyo, yanaweza kuharibu chemchemi tunakochotea watoto wetu.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, na wananchi washirikishwe. Saini ya mahudhurio inaonyesha tu kwamba ulikuwepo. Haisemi una hofu gani.

Kwa hiyo wakiitisha mkutano, mmoja wenu aende na maswali matatu. Maji yakishatumika yatapelekwa wapi? Nani atapima chemchemi yetu, na mara ngapi? Bomba likipasuka usiku, tumpigie nani?

Kabla ya kuondoka, omba maswali yako yaandikwe kwenye muhtasari, usomewe. Mnaochota maji kila asubuhi ndio mnaoijua chemchemi hiyo. Msikae kimya.