Vijana wenye kusugua mawe tusiwafukuze, tuwape beseni

Leo sileti habari ya mapigano wala ya bei ya unga. Natoa maoni yangu juu ya mabishano madogo yanayosikika katika mitaa yetu ya Goma. Kuna vijana wenye kupitisha mchana mzima wakisugua mawe. Kijana anaokota jiwe, analisugua siku tatu ao nne mpaka ling'ae, kisha analiweka mfukoni ao anampa dada yake. Hauzi. Wazazi wanakasirika, wanasema jiwe haliliwi. Kwenye bomba majirani wanalalamika: sisi tunapanga foleni kwa bido moja, wao wanamwaga maji juu ya mawe! Kuna shefu wa avenyu aliyekwisha kuwatawanya.

Mimi nasema tusiwatawanye. Tuwafundishe namna nzuri ya kufanya, maana kazi hiyo ina hatari ambazo vijana wenyewe hawazijui.

Sisi wa Goma tunaishi juu ya jiwe. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji, na tarehe 22 Mei 2021 ikashuka tena. Nyumba zetu zimejengwa kwa jiwe hilo na kuta za viwanja pia. Wahami waliofika Kanyaruchinya walisimamisha shitingi juu ya lava hiyo hiyo, mahali ambapo hata kuchimba choo ni taabu. Lakini pamoja na wingi huo wote, jiwe tunalijua kwa njia mbili tu: kuliponda ili tuuze kokoto, ao kulichimba na kuliuza vile vile lilivyotoka ardhini.

Angalieni turmalini ya Numbi, katika territwari ya Kalehe. Inatoka kwetu ndani ya mfuko, haijakatwa. Mawe ya namna hiyo yanakatwa na kung'arishwa mbali, katika miji kama Jaipur ya India, Bangkok ya Thailand, ao Idar-Oberstein ya Ujerumani. Mnunuzi analiinua jiwe kwenye mwanga, anakunja uso, anasema halina kitu. Muuzaji atajibu nini? Hajawahi kuona ndani ya jiwe. Lakini mtu aliyesugua mawe hamsini kwa kupenda tu anajua ufa unaonekanaje, anajua jiwe gumu na jiwe laini, anajua rangi iliyo juu tu na rangi iliyo mpaka ndani. Huyo hadanganywi kwa urahisi. Jirani zetu wa Tanzania walilielewa jambo hilo, na leo kule Arusha kuna kituo cha serikali kinachofundisha vijana kukata vito.

Tena, tusiseme hii ni michezo ya wazungu. Kule Ishango, mahali ambapo mto Semliki unatoka katika ziwa Edouard, hapa hapa katika jimbo letu la Kivu ya Kaskazini, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mwaka 1950 kipande cha mfupa chenye mistari iliyochorwa. Umri wake ni karibu miaka 20,000. Wengi wanaongea juu ya hesabu ya mistari hiyo, lakini wanasahau kwamba kwenye ncha ya mfupa kumefungwa kipande kidogo cha jiwe la kwatsi, lile jeupe linalofanana na kioo. Mfupa huo uko Brussels. Na kule Uele, kaskazini-mashariki ya nchi yetu, zimepatikana shoka za hematiti, jiwe la chuma, zilizosuguliwa kwa mkono mpaka zikawa laini. Kuweka makali kulihitaji kusugua upande mmoja. Yule fundi alisugua shoka nzima. Nafikiri hakufanya hivyo kwa sababu ya kukata miti peke yake.

Sasa tuongee namna ya kufanya, maana nawajibu pia wale vijana wenye kuuliza redioni.

Kwanza, ujue jiwe lako. Lava ya Nyiragongo ina silika kidogo sana, ndiyo sababu inatiririka mbio kama tulivyoona. Ikipoa inakuwa na matundu mengi, kwa hiyo hailetei mng'ao mzuri, lakini ni nzuri kwa kuchonga kinu kidogo ao sura ya mnyama. Kwatsi ni kinyume: ni ngumu, inakwaruza kioo cha chupa, na ikisuguliwa inang'aa sana. Malakiti ya kijani, ambayo mafundi wa Kolwezi na Lubumbashi wanachonga mikufu na wanyama, ni laini, kisu kinaikwaruza. Lakini vumbi lake lina shaba, ni sumu, kwa hiyo mtoto asiguse.

Pili, karatasi ya kusugulia. Ile ya maseremala haiwezi kwatsi, inaisha kabla jiwe halijabadilika. Tafuta ile nyeusi ya mafundi wa kupaka rangi magari, yenye kuvumilia maji. Anza na namba 80, kisha 220, 400, 800, mwisho 1500. Kila ukibadilisha namba, osha jiwe na mikono, maana punje moja ya karatasi ya kwanza ikibaki itakwaruza kazi ya siku nzima. Mwisho unasugua na kipande cha ngozi ao cha suruali ya jinzi. Usirukie namba nyingine kabla mikwaruzo ya ile ya nyuma haijaisha yote. Hapo ndipo wengi wanashindwa.

Tatu, na hili ndilo kubwa kuliko yote: jiwe lisisuguliwe likiwa kavu. Vumbi la mawe yenye silika, zaidi ya yote kwatsi, likiingia katika mapafu halitoki. Linaleta ugonjwa unaoitwa silikosi. Mtu anakohoa, pumzi inakuwa fupi, na anashikwa na kifua kikuu kwa urahisi. Hakuna dawa ya kurudisha pafu lililoharibika. Kule Idar-Oberstein, zamani, wafanyakazi walikuwa wanalala kwa tumbo mbele ya magurudumu makubwa yaliyozungushwa na maji ya mto, wakikandamiza mawe. Mji ulipata jina duniani, lakini wengi wao walikufa kwa mapafu. Sisi tusiende njia hiyo tena.

Hapo majirani wa kwenye bomba watasema: si ndiyo tunayosema, maji? Ndiyo, wana haki kwa nusu. Maji ya kunywa yasiende kwenye mawe. Lakini kusugua hakuhitaji bomba. Nusu beseni inatosha mchana mzima, na inaweza kuwa maji yaliyofulia nguo ao ya mvua. Matope yanayobaki chini yamwagwe mbali kabla hayajakauka, maana yakikauka yanakuwa vumbi tena. Kijana akiwa na beseni lake pembeni, hana ugomvi na mtu kwenye foleni.

Wenye kupenda kupasua jiwe kama watu wa kale, wakae nje, watandike nguo kuukuu chini, wavae miwani, na watoto wenye miguu mitupu wasikaribie. Kipande cha kwatsi kinakata kama kioo, na kikiruka jichoni hakina huruma.

Nne, mahali pa kuokota. Okota kando ya ziwa, katika uwanja wenu, ao katika njia inayopitwa na watu kila siku. Usiingie mahali palipokuwa na askari, wala shamba lililoachwa tangu mapigano. Ukiona chuma kati ya mawe, usiguse, usirushie jiwe, rudi kwa njia uliyokuja nayo, uambie mkubwa. Wazazi wenye kuhama, rudilieni neno hili kwa watoto kila juma. Na katika machimbo msiingie. Sheria ya madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inataka mchimbaji awe na karata yake, na biashara ya mawe ya thamani ina njia zake. Kijana mwenye kusugua jiwe la ziwani asichanganywe na mambo hayo.

Narudi kwa wazazi wanaosema jiwe haliliwi. Ni kweli, na yeyote atakayewaahidi kwamba mawe haya yataleta dola, msimwamini. Lakini kijana aliyepoteza shamba, masomo na marafiki mara moja anakaa siku nzima akingojea orodha ya msaada, karata, ruhusa ya kurudi. Jambo lolote linaamuliwa na mtu mwingine. Jiwe ni kazi anayoianza mwenyewe na kuimaliza mwenyewe. Mimi namwona afadhali na beseni lake kuliko kwenye pombe ya viroba, ao kwa wale wenye kuwatafuta vijana wasio na kazi.

Kwa mashirika yenye kufundisha kushona na kutengeneza sabuni, ombi langu si kubwa: makaratasi machache ya kusugulia, miwani, mabeseni. Kwa mashefu wa avenyu: waonyesheni vijana kona moja mbali na bomba. Na kwa wamama wenye kuponda kokoto kando ya barabara, habari ya vumbi inawahusu kuliko wote. Mwagieni mawe maji machafu kabla ya kuponda, mkae upande upepo unakotoka, na mtoto wa mgongoni abaki mbali kidogo na nyundo.