Raba za zawadi zilizolala chini ya kitanda

Katika nyumba moja mjini Mugumu, wilayani Serengeti, raba mpya zilikaa chini ya kitanda miezi mitatu. Mume alizinunua Mwanza kwa fedha aliyoidunduliza: namba 40, nyepesi, za kupendeza. Alimlenga mkewe, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, ambaye kazi yake ni kutembea. Siku nzima anakanyaga vijia vya mawe na miiba ya migunga, na masika yakifika, udongo mweusi unaong'ang'ania soli.

Mama alizivaa siku mbili. Siku ya tatu akarudia katambuga zake.

Mume hakuuliza, alinuna. Jioni moja akasema mbele ya watoto, "Mama watoto, siku hizi zawadi yangu haina thamani?" Mama akanyamaza. Tangu akiwa shuleni alitaniwa kuwa ana miguu ya kiume, mipana kama mwiko. Aliona heri mumewe amdhanie mjeuri kuliko kumwonyesha kidole kidogo kilichovimba na ukucha uliokuwa mweusi. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kiatu nacho ni hivyo hivyo.

Aibu ile haikuwa na msingi. Mtu aliyekulia akichunga na kuchota maji peku, vidole vyake vilipata nafasi ya kutanuka. Uchunguzi uliofanyika India na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa watu waliozoea kutembea peku wana nyayo pana kuliko waliozoea viatu, na uzito wa mwili unasambaa vizuri zaidi chini ya unyayo. Kwa hiyo mguu mpana si kasoro. Ni mguu uliokua bila kubanwa.

Hata mabingwa wamekutana na tatizo hili. Mwaka 1960 mjini Roma, Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki akiwa peku, kwa sababu viatu alivyopata huko havikumkaa vizuri. Miaka 4 baadaye, Tokyo, alishinda tena, safari hiyo akiwa na viatu. Hakuwa adui wa viatu. Alikataa tu kile kinachoumiza.

Kosa la wanunuzi wengi ni kudhani kuwa namba kubwa ndiyo dawa ya mguu mpana. Kutoka namba 40 kwenda 41, kiatu kinaongezeka urefu wa kama milimita 6 au 7, lakini upana unaongezeka kidogo mno. Anayevaa 40 akinunua 43 ili apate upana, mguu unateleza mbele na nyuma, kisigino kinatoka malengelenge, na kiatu kinakunjika mahali ambapo vidole havikunjiki. Kwenye mteremko wenye mawe, hapo ndipo mtu anapoteguka.

Njia rahisi haina gharama. Jioni, baada ya kazi, mguu ukiwa umevimba kidogo, mtu asimame juu ya kipande cha boksi kwa uzito wake wote. Mwenzake achore kuuzunguka mguu, kalamu ikiwa wima. Miguu yote miwili ichorwe, kwa kuwa mara nyingi hailingani, na kiatu kifuate ule mkubwa. Mchoro ukatwe na kwenda nao sokoni. Muuzaji akikubali, itolewe soli ya ndani ya raba na kulazwa juu ya mchoro. Mguu ukizidi soli pembeni, raba hiyo itabana, hata ikiwa nzuri kiasi gani. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono.

Kwenye mitumba kuna siri nyingine. Baadhi ya raba huandikwa upana kwenye lebo iliyo ndani ya ulimi wa kiatu, karibu na namba. Kwa wanaume, D ni upana wa kawaida, 2E ni pana, na 4E ni pana zaidi. Kwa wanawake, B ni ya kawaida, D ni pana, na 2E ni pana zaidi. Ndiyo maana mwanamke mwenye mguu mpana anaweza kupata nafuu katika raba ya kiume yenye urefu uleule. Hakuna anayesoma lebo akiwa njiani.

Wepesi nao ni muhimu, kwa sababu kila hatua mguu unanyanyua kiatu upya. Pea nyepesi ya kutembelea porini huwa na kama nusu kilo au zaidi kidogo, wakati buti nzito zinaweza kupita kilo moja. Mizani ya duka la jirani inatosha kupima. Lakini wepesi usizidi akili: soli laini mno itapitisha mwiba. Kiatu kikunjike kwenye vidole, kisikunjike katikati kama chapati. Kwa mtumba, soli ibonyezwe kwa kidole na kukunjwa, maana sponji iliyozeeka humeguka na gundi huachia, hata kama kiatu kinang'aa.

Ikiwa raba imeshanunuliwa na inabana kidogo mbele, kamba zisipishanishwe kwenye matundu ya chini. Zipandishwe wima kila upande, kisha zianze kupishana katikati ya mguu. Fundi viatu anaweza kutanua ngozi kwa kalibu, ila raba za kitambaa na plastiki hazitanuki sana. Na mwenye kisukari, au anayehisi ganzi miguuni, asisubiri kiatu kizoee: kidonda kidogo asichokisikia kinaweza kumgharimu mguu.

Pale Mugumu, aliyevunja ukimya ni mtoto wa darasa la nne. "Baba, mbona mama anachechemea?" Mume akamtazama mkewe, akainama kutazama mguu, akauona ukucha. Hakusema neno. Akaenda kuchukua boksi la sabuni na kalamu ya mtoto.

Walipoweka soli ya ndani ya raba ile juu ya mchoro, mguu ulizidi karibu upana wa kidole. "Kumbe," alisema, "nilinunua urefu tu." Mama akacheka, mara ya kwanza kwa siku nyingi. "Na mimi, baba watoto, nilinyamaza mno."

Raba za bluu alipewa wifi, ambaye mguu wake ni mwembamba. Jumamosi iliyofuata walikwenda sokoni pamoja, mchoro wa boksi ukiwa mfukoni mwa mume, na ndiye aliyekuwa akifunua ulimi wa kila raba kutafuta herufi. Ya nne ilikuwa ya kiume, ya kijivu, imefifia kidogo, na kwenye lebo imeandikwa 2E. Mama aliivaa, akatembea hadi mwisho wa vibanda na kurudi.

"Vipi?" akaulizwa.

"Vidole vinapumua," akajibu, na akaondoka nazo miguuni, katambuga zikiwa mkononi.